Kinu na atelie Goma: nitegemee umeme wa maji, wa jua au wa gesi ya ziwa kwa miaka 20 ijayo?

Atelie_Ndosho

Salamu kwenu mafundi. Natayarisha kufungua kinu cha kusaga mahindi na muhogo hapa Ndosho, Goma, pamoja na atelie ndogo ya sudiri (kuunganisha vyuma kwa umeme). Mota ya kinu ni ya kilowati 7.5, fazi tatu, volti 400. Posti (mashine) ya sudiri ni ya ampea 200. Majirani wanasaga kwa mazutu (dizeli) na mimi sitaki kuingia humo.

Shida ni kwamba vifaa ninavyonunua sasa vinapaswa kukaa miaka 15 au 20. Mmoja ananiambia ningoje gesi ya Ziwa Kivu, umeme utashuka bei. Mwingine anasema Inga, yale mabwawa ya umeme kwenye mto Kongo. Mwingine anasema pano za jua tu, hayo mengine ni maneno. Ninyi mnaoijua kazi hii, nchi yetu ya Kongo inaelekea wapi, na mtu aweke pesa yake upande gani? Nipeni namba tafadhali, siasa nazisikia redioni.

Kijana_wa_Himbi

Inga 3, bwawa jipya la huko, ikijengwa habari imekwisha. Megawati 11,000! Nani atahangaika tena na pano?

Papa_Turbini, Bukavu

Kijana, Inga haina waya unaokuja huku. Inga I ilianza 1972 (megawati 351), Inga II ikafuata 1982 (megawati 1,424), na laini yake kubwa ya volti laki tano, kilomita 1,700 hivi, inakwenda Kolwezi kwenye migodi. Kutoka Inga hadi Goma kwa mstari ulionyooka ni umbali kama huohuo, katikati ni msitu na mito, na hakuna laini. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilijiondoa kwenye mradi wa Inga 3, Juni 2025 ikarudi na dola milioni 250 za awamu ya kwanza. Hizo ni pesa za maandalizi, bwawa lenyewe linataka mabilioni. Hata likisimama, wa kwanza kwenye foleni ni Kinshasa, migodi ya Katanga na wanunuzi wa nje. Mtu wa Ndosho asiiweke kwenye hesabu yake.

Huku mashariki tuna mtandao wetu, na uti wa mgongo wake ni mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu. Ruzizi I ni ya mwisho wa miaka ya 1950, karibu megawati 30. Ruzizi II ni ya 1989, karibu 44, na hizo tunagawana na Rwanda na Burundi. Ruzizi III imepangwa kuwa megawati 206, nayo ni ya nchi tatu, kwa hiyo fungu letu ni kama 68. Upande wenu wa kaskazini kuna Matebe kwenye mto Rutshuru, iliyofunguliwa 2015, megawati 13 na kitu. Tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 kampuni binafsi zinaruhusiwa kuzalisha na kuuza, ndiyo maana Goma leo ina wauzaji zaidi ya mmoja wakati miji mingine bado ina SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, peke yake.

Ukitaka kupima ahadi ya mtu yeyote anayekuambia habari za mto, hesabu ni fupi: kilowati = 8 × mita za ujazo kwa sekunde × mita za maporomoko. Hiyo 8 ni uzito wa maji ukiwa umeshatoa upotevu wa mabomba, turbini na jenereta. Mto wa m³ 10 kwa sekunde ukiangushwa mita 100 unatoa kilowati 8,000. Akikuambia megawati 20 kwa mto huo, muulize mita nyingine 150 atazitoa wapi.

Ubora wa Ruzizi ni ziwa lililo mgongoni mwake. Ziwa Kivu lina kilomita za mraba 2,370 hivi. Ukishusha uso wake sentimita 10 tu umepata m³ milioni 237, na kwa mtiririko wa m³ 100 kwa sekunde hayo ni maji ya siku 27 bila tone la mvua. Mito midogo ya milimani haina akiba hiyo, kiangazi kikija inapungua palepale. Kwa hiyo kwa miongo ijayo umeme wetu wa usiku utabaki wa maji, na sioni kitu cha kuupokonya nafasi hiyo upesi.

Sasa yanayoharibika. Moja ni taka. Bukavu inatupa chupa za plastiki kwenye mifereji, mvua inazishusha ziwani, ziwa linazisukuma hadi mdomoni mwa Ruzizi I. Zikijaa kwenye chekecheke la chuma mbele ya turbini, maji yanapungua, nguvu inashuka, na wakati mwingine mashine inasimamishwa ili watu wasafishe. Mbili ni mchanga. Mlima ukishakatwa miti, mvua inashusha udongo wenye chembe ngumu ambazo zinakwangua mapanga ya turbini hadi ukingo wake unakuwa kama meno ya msumeno. Turbini iliyoliwa hivyo inapitisha maji yaleyale na kutoa umeme kidogo. Tatu ni waya: megawati zinaweza kuwepo na wewe ukakaa gizani, kwa sababu laini ni moja na nguzo ikianguka hakuna njia ya pili. Januari 2025 Goma mliona, laini zilipokatika hata maji ya bomba yalikauka, maana pampu zinasukumwa na umeme uleule.

Gesi_na_Ziwa

Naongeza upande wa gesi, maana watu wanaizungumza kama mtu mwenye sanduku la pesa chini ya kitanda.

Chini ya ziwa, kuanzia mita 260 hivi kwenda chini (kina kirefu kabisa ni mita 485), maji yameshika karibu kilomita za ujazo 60 za metani na kama 300 za kaboni dayoksaidi. Gesi imeyeyuka ndani ya maji, kama ilivyo kwenye chupa ya bia iliyofungwa. Namna ya kuitoa: unashusha bomba hadi mita 350 hivi, unavuta maji kwa pampu mwanzoni tu. Yakipanda mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, na mapovu hayo yanayabeba maji yenyewe. Pampu unaizima, kisima kinajiendesha. Karibu na uso wa ziwa kuna tangi la kutenganisha gesi na maji. Gesi inayotoka hapo bado ina kaboni dayoksaidi nyingi, basi inapitishwa kwenye minara ya kuoshea kwa maji: kaboni dayoksaidi inayeyuka upesi kuliko metani na kuondoka na maji. Ndipo gesi inakwenda ufukweni kwenye mota za gesi zinazozungusha jenereta.

Ugumu wa kweli uko kwenye maji yaliyokwisha kutolewa gesi. Huwezi kuyamwaga juu. Yana chumvi, virutubisho na salfidi hidrojeni. Ukiyaachia juu unaua sambaza (dagaa wa ziwa) na wavuvi wanakosa kazi. Ukiyarudisha chini kabisa unaizimua akiba yako mwenyewe kwa maji matupu. Yanarudishwa kwenye tabaka lenye uzito sawa nayo, ili matabaka ya ziwa yabaki yamelala jinsi yalivyo. Matabaka hayo ndiyo kifuniko cha chupa. Kule Ziwa Nyos, Kamerun, mwaka 1986 kifuniko cha namna hiyo kilifunguka na watu zaidi ya 1,700 wakafa kwa kaboni dayoksaidi. Kivu ni kubwa kupita Nyos mara nyingi, ila gesi yake kwa sasa imefikia karibu nusu tu ya mgandamizo unaohitajika ili ichemke yenyewe. Kuipunguza kwa utaratibu ni usalama pia, si umeme peke yake.

Je, ni nyingi kiasi gani? Metani m³ 1 ina joto la kilowati-saa 10. Mota nzuri ya gesi inageuza asilimia 40 kuwa umeme, unabaki na 4. Kituo cha megawati 100 kikifanya kazi mwaka mzima bila kusimama kinataka kilowati-saa milioni 876, yaani gesi m³ milioni 219. Tuseme theluthi mbili za ile 60 zinaweza kutolewa, na tunagawana nusu kwa nusu na Rwanda: kilomita za ujazo 20 kwetu. Ni miaka 90 ya megawati 100. Ukitaka megawati 500 ni miaka 18 tu, halafu kwisha. Kwa hiyo gesi ya Kivu ni ya kuziba pengo la saa za jioni, haiwezi kuwa msingi wa nchi nzima.

Rwanda wameshaanza: kiwanda cha bia cha Gisenyi kilichoma gesi hii tangu miaka ya 1960, KivuWatt ya megawati 26 inafanya kazi toka 2016 mbele ya Kibuye, na karibu na Rubavu kuna kituo kingine cha megawati 56. Upande wetu visehemu vya ziwa vimepigiwa mnada, lakini kituo kikubwa hakijasimama. Tangu mkataba hadi umeme wa kwanza, kwa bomba, meli ya kazi na minara, hesabu miaka. Usingoje.

Pano_Katindo

Basi tuje kwenye kinu chenyewe. Kaka Ndosho, usinunue chanzo cha umeme kwanza. Nunua variateri ya mota (kifaa kinachoilisha mota na kurekebisha kasi yake), kilowati 7.5 au 11, ya volti 400, yenye milango miwili: mmoja wa pano, mmoja wa mtandao. Kuna zinazotengenezwa kwa pampu za jua, zinafaa kinu vilevile. Ukishakuwa nayo, mota haijali kama umeme umetoka Ruzizi, Matebe, juani au kwenye gesi ya mwaka 2040.

Faida ya pili ni mwanzo wa mota. Mota ya 7.5 inakula ampea 15 ikiwa inazunguka, lakini ukiiwasha moja kwa moja inavuta 90 kwa sekunde kadhaa. Kama kabine (transfoma ya mtaa) iko mita 600 na waya ni wa alumini mm² 35, unapoteza kama volti 40 hapo hapo, juu ya zile ambazo mtaa umeshazikula. Nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti: ukiwa na asilimia 80 ya volti una asilimia 64 tu ya msukumo. Kinu chenye mahindi ndani hakianzi, mota inanguruma, dijonteri (swichi ya ulinzi) inaruka, na kila asubuhi jirani anakuja kuuliza taa zake zina nini. Kuwasha kwa nyota-pembetatu (mota inaanza kwa muunganisho mmoja, kisha inahamia mwingine) kunapunguza mvuto hadi theluthi, yaani ampea 30. Variateri inaanza pole chini ya ampea 15.

Pano sasa. Variateri ya volti 400 inataka volti 566 au zaidi za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa pano) ili mota ifike kasi kamili. Pano ya wati 550 ina volti 41 au 42 ikiwa kazini na 50 ikiwa haina mzigo. Unafunga 15 kwa mstari mmoja: zikiwa kazini karibu volti 620, bila mzigo 750. Usiweke 16. Goma ni mita 1,500 juu ya bahari, alfajiri ni digrii 12 au 14, na pano baridi inapandisha volti kama asilimia 4. Pano 16 asubuhi zitafika volti 830, variateri nyingi zinakoma 800, na mashine itakataa kuamka hadi saa tatu, wewe unadhani imekufa. Niliyosema ni ya karatasi ya kawaida, soma ya kwako kabla ya kufunga.

Mstari mmoja wa 15 ni wati 8,250. Jua la hapa, pamoja na mawingu, ni kama saa 4.5 kamili kwa siku. Toa asilimia 25 ya joto, vumbi na waya, unabaki na kilowati-saa 28: karibu saa nne za kusaga. Mstari mmoja unakupa kasi kamili karibu na adhuhuri tu, wingu likipita kinu kinapunguza mwendo. Mistari miwili inakupa toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Hakuna betri hata moja hapo: akiba yako ni unga gunia zima, siyo lithiamu. Wateja waambie walete asubuhi. Na muhogo uwe mkavu kweli, ulio na unyevu unaziba chujio na mota inaelemewa.

Sudiri usiiweke kwenye pano bila betri. Kwa baketi (kijiti cha sudiri) ya mm 3.2 unafanya kazi na ampea 110 hadi 120, posti ya kisasa inavuta kama kVA 4. Iache kwenye mtandao, ila nunua inayokubali volti 160 hadi 260.

Mambo mawili ya Goma ambayo fundi anayetoka kwingine hayajui.

Kwanza waya wa ardhi. Ndosho mnakaa juu ya mawe ya volkeno, na mawe hayo hayapitishi umeme vizuri. Fimbo ya mita 1.5 iliyopigwa humo inaweza kukupa omu 2,000. Diferansieli (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 inataka chini ya omu 1,667 ili volti za kwenye chuma zisizidi 50. Ya 300 inataka chini ya 167. Sasa variateri ina mvujo wake wa kawaida, ukiiweka nyuma ya ile ya 30 itaruka kila mara, na fundi wa haraka ataing'oa. Kwa kinu weka ya 300 ya aina B, za nyumbani na sudiri ziwe za 30. Ili ufike chini ya 167, chimba mtaro kuzunguka msingi, ulaze waya wa shaba mtupu mm² 25, mita 40 hivi, uufunike kwa udongo mweusi uliouleta kutoka nje au udongo wa mfinyanzi, usirudishe mawe. Hapo unafika 150. Usitie chumvi: mwaka wa kwanza inasaidia, baadaye shaba inaliwa. Pima wakati wa kiangazi, siyo baada ya mvua.

Na radi. Kabare, hapo karibu na Bukavu, ndiyo sehemu inayopigwa na radi kuliko zote Afrika. Weka parafudre (kinga ya radi) upande wa DC na upande wa mtandao, waya wake wa ardhi uwe mfupi, chini ya nusu mita.

Pili moshi wa volkeno. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa salfa, mvua inakuwa na asidi, ndiyo inayokula mabati. Inaingia pia kwenye vichomeo vya nyaya za pano vilivyobanwa vibaya, vinageuka kijani, vinapasha, vinaungua. Tumia aina moja pande zote mbili na ubane kwa koleo lake. Majivu yakianguka yamwagie maji mengi, usifute yakiwa makavu: ni kioo kilichosagwa, yatakwaruza pano.

Dijonteri za upande wa pano ziwe za DC kweli. Za kawaida zikifungua zinaacha cheche inayoendelea kuwaka hadi kisanduku kinayeyuka.

Mama_Keshero

Mnasema nchi itatoka wapi kwenda wapi na hakuna aliyetaja makala! Zaidi ya tisa ya kumi ya nishati inayotumika Kongo ni kuni na makala. Umeme wote mnaobishania ni kipande kidogo. Kilo moja ya makala ya tanuri la udongo inakula kilo 6 hadi 8 za kuni kavu, na mnajua ni msitu wa Virunga unaolisha mbabula (majiko ya makala) za Goma.

Hesabu ya jiko: maharage kilo 1 kwenye mbabula yanakula makala kilo moja hadi moja na nusu. Kwenye sufuria ya umeme ya mgandamizo, lita 6, wati 1,000, ni kilowati-saa 0.4 au 0.5. Zidisha kwa bei ya kompteri (mita ya umeme) yako mwenyewe, utaona. Sababu si umeme tu, ni mahali tulipo: hapa maji yanachemka kwenye digrii 95, maharage yanakawia. Ndani ya mgandamizo yanafika kama 112.

Yanayoharibika: watu wanajaza hadi juu, povu linaziba valvu. Maharage yasipite nusu ya sufuria. Halafu multiprizi (prizi nyingi za waya mmoja) ya bei rahisi inayeyuka. Prizi iwe na waya wa mm² 2.5 na dijonteri ya ampea 16. Na volti zikishuka hadi 170, ile ya wati 1,000 inabaki 600, unadhani imeharibika.

Papa_Turbini, Bukavu

Mama Keshero amegusa penyewe. Nyumba 1,000 zikiwasha sufuria hizo saa moja jioni pamoja ni megawati 1. Kabine ya kVA 100 yenye nyumba 150 nyuma yake inaungua siku hiyohiyo. Mabadiliko ya miaka 20 yatasimamia hapo, kwenye transfoma za mitaa, kabla ya mto kuisha. Maharage yapikwe saa sita mchana, yakae ndani ya sufuria imefungwa, jioni yanapashwa kidogo.

Atelie_Ndosho

Aksanti sana Papa, Mama, na ndugu wote. Naelewa hivi: variateri ya milango miwili kwanza, mtaro wa shaba kabla ya sakafu kumwagwa, pano 15 mwaka huu na 15 nyingine baadaye. Swali moja: nyumba yangu ina mzunguko wa mita 28 tu. Zile mita 12 zinazobaki nizipeleke wapi?

Pano_Katindo

Zinyooshe upande ambako maji ya paa yanamwagikia, mtaro uwe na kina cha sentimita 60, mbali na choo cha jirani na mbali na bomba la maji. Kiungo kati ya mzunguko na mkia huo kibanwe kwa klemu ya shaba, si bati, na uache kisanduku juu yake ili uweze kukifungua na kupima.